Galari ya mimea: taa wameziweza, maji wameyasahau

Wabunifu wa mambo ya ndani waliotengeneza galari yetu ya mimea nawapa nyota tatu kati ya tano, na karibu zote tatu ni za taa. Hizo mbili zilizobaki zimezama kwenye maji, ntaeleza.

Niwaweke sawa kwanza wadau, mimi sio msanii wala sio mwenye galari. Mimi ndo yule anayeshika kopo la kumwagilia kabla milango haijafunguliwa, anayefuta vumbi kwenye majani, anayeokota jani lililodondoka ili mgeni asilikute chini. Kwa hiyo hii rivyu sio ya mtu aliyekuja siku ya ufunguzi akapiga picha zake akasepa, ni ya mtu anayeishi na kazi ya hao wabunifu asubuhi mpaka jioni. Jina lao siweki, sina nia ya kumharibia mtu riziki, ila kama unafikiria kuita watu wa mambo ya ndani wakutengenezee chumba ambacho mmea ndo mchoro na mmea ndo sanamu, soma hii kabla hujasaini kitu.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha picha. Na ugumu wote unaanzia hapo, maana chumba cha picha kinajengwa na watu wanaoogopa mwanga na unyevu, na mmea unaishi kwa hivyo hivyo viwili. Kazi za karatasi na vitambaa kwa kawaida zinawekewa mwanga wa luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), picha za rangi ya mafuta kama 200 hivi, zaidi ya hapo mtunzaji anaanza kununa. Sasa chukua mmea wa ndani ule mvumilivu kupita wote, sansevieria kwa mfano, ukiuweka kwenye luksi 50 haufi kesho, na hiyo ndo hatari yake, unakaa hapo umesimama kwa heshima zake huku unakula akiba yake mwenyewe, jani jipya likitoka linatoka jembamba na limepauka, na ukija kushtuka miezi imepita na wabunifu washalipwa washaondoka. Nje kwenye jua la mchana kweupe luksi zinafika laki moja, kivulini bado unapata elfu kumi na kitu. Macho yetu yanatudanganya sana kwenye hili, ukiingia chumba cha luksi 200 ukakaa dakika chache unaona kuna mwanga wa kutosha kabisa, mmea unaona giza.

Hawa jamaa hilo walilijua, na hapa nawavulia kofia. Walikuja na kipimo cha mwanga wa mimea chenyewe, sio ile programu ya simu. Luksi inapima mwanga kwa jinsi jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu linapenda sana rangi ya kijani na njano, wakati mmea unahesabu chembe za mwanga zinazotua juu ya jani, zenye urefu wa wimbi kuanzia nanomita 400 mpaka 700, kwa kipimo cha mikromoli. Walipima pale jani lilipo, sio sakafuni wala katikati ya chumba, wakalenga mikromoli 100 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba, taa zikiwaka saa 12 kwa siku. Piga hesabu unapata kama moli 4.3 kwa siku kwa kila mita ya mraba (moli moja ni mikromoli milioni moja), na mimea mingi ya kivulini, makangaga, philodendron, calathea, inaishi vizuri tu kwenye kiwango hicho. Zile zinazotaka jua kali, kama euphorbia na dungusi kakati, walizihamishia upande wenye madirisha na taa zao wakaziongezea nguvu. Sawa kabisa.

Halafu kilichonifurahisha zaidi, walikataa katakata taa za zambarau. Mnazijua, zile LED zenye nyekundu na bluu peke yake, wakulima wa ndani wanazipenda kwa sababu zinaotesha mmea bila kupoteza umeme, lakini chini ya taa hiyo jani la kijani linaonekana jeusi jeusi, halina mshipa halina doa, mgeni anatoka anasugua macho. Unaonyesha nini sasa? Walifunga LED nyeupe ya kelvini 4000, yaani weupe usio wa njano sana wala wa bluu sana, yenye CRI (kipimo cha uhalisia wa rangi, mwisho wake 100) juu ya 90, maana yake rangi inaonekana karibu kama ilivyo juani, ule wekundu mwembamba kwenye ukingo wa jani la aglaonema unauona ukiwa mita tatu. Mmea unakula, mgeni anaona. Kuna watu watakwambia taa nyeupe hazioteshi mmea, waulize jua lenyewe lina rangi gani.

Kitu kingine, silingi yetu iko juu sana, na mwanga wa taa ukiongeza umbali mara mbili nguvu inabaki robo, haibaki nusu kama watu wengi wanavyodhani. Wabunifu wengine wangejaza taa juu huko mpaka dari liwe kama duka la taa, hawa walishusha reli kwa vyuma vyembamba vyeusi mpaka zikakaa sehemu ambayo taa chache zinatosha. Na vyuma hivyo vinapanda na kushuka, kwa sababu mmea unakua jamani, picha haikui. Ficus lyrata yetu imeshaongezeka na taa yake tumeipandisha bila kuita fundi.

Vivuli sasa. Sijui nani kwenye timu yao ndo mwenye jicho hilo, lakini yupo. Kuna monstera moja wameipiga taa kutoka chini pembeni, kivuli chake kinapanda ukutani kikubwa kuliko mmea wenyewe, na yale matundu ya majani yanatoka kama madirisha. Watoto wote wanasimama hapo. Na kuna caladium nyeupe wameiwekea taa nyuma, mwanga unapita ndani ya jani na mishipa yake yote inajichora, yaani unaweza kufuata mshipa mmoja kutoka shinani mpaka ncha bila kupoteza. Ukuta wa nyuma yake wameupaka kijivu cheusi kisichong'aa. Ni ukuta huo mmoja tu, kwingine kote kweupe, na walikuwa na sababu, rangi nyeusi inameza mwanga na nyeupe inaurudisha kwenye mimea, ukipaka chumba kizima cheusi kwa ajili ya uzuri wa picha utalipia kwenye umeme.

Pia walimlazimisha bosi wetu atoe nusu ya mimea. Nusu! Alitaka kila kona ijae, wakamwambia ukijaza inakuwa kitalu, mgeni atauliza inauzwa shilingi ngapi. Mmea mmoja, stendi moja, nafasi tupu pande zote. Wajapani wana utaratibu huo miaka mingi, ile sehemu ya ukutani inayoitwa tokonoma unakuta bonsai moja, labda na mchoro mmoja wa kuning'inia, basi. Bosi alinuna wiki nzima, sasa hivi ndo anawaelezea wageni kama wazo lake.

Haya, sifa zinatosha, mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji. Na kuhusu maji ndo tunakuja.

Hakuna bomba. Nirudie, chumba kimebuniwa kwa ajili ya viumbe vinavyokunywa maji na ndani yake hakuna bomba hata moja wala tundu la kutolea maji sakafuni. Bomba la karibu liko msalani mwisho wa korido, na sinki lake ni fupi kiasi kwamba kopo halisimami chini ya bomba, inabidi ujaze chupa halafu chupa ujazie kopo. Lita moja ni kilo moja, hesabu hiyo haibadiliki hata kama mbunifu ana shahada. Kwa hiyo kila asubuhi kuna mtu anabeba kilo na kilo za maji kupita kwenye korido yenye picha za watu ukutani, akiomba Mungu asijikwae. Kwenye michoro yao ya kompyuta kuna watu wembamba wamesimama wanaangalia mimea, kuna mpaka mbwa, hakuna mtu mwenye kopo.

Sakafu ni ya mbao, imepigwa polishi inang'aa. Nzuri, sikatai. Ila mbao na maji hawajawahi kupatana. Stendi zenyewe ni za MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, iliyopakwa rangi nyeupe, na MDF ikinywa maji inavimba haishuki tena, ukiangalia stendi ya alocasia pale chini kwenye kona utaona rangi imetoka malengelenge na ukingo umefunguka kama ukurasa. Na sio kwamba tunamwaga ovyo. Alocasia usiku inatoa maji yenyewe kwenye ncha za majani, mizizi inasukuma maji juu wakati jani halipumui sana, asubuhi unakuta tone limening'inia kwenye kila ncha. Ni kitu kizuri mno kukiona, kwa kweli, mimi huwa nasimama kwanza. Lakini tone linadondoka, na limebeba chumvichumvi, likikauka linaacha alama nyeupe ya duara, na wao lebo ya karatasi ngumu waliiweka wapi? Chini ya ncha hiyo hiyo. Lebo imejikunja kama jani kavu. Tumebadilisha, tukabadilisha tena, mwishowe nikaisogeza ukutani mwenyewe bila kuomba ruhusa.

Vyungu vya nje ni virefu vyembamba vyeupe, havina tundu, ndani ndo unatumbukiza chungu cha plastiki chenye tundu. Shida ni kwamba maji yakizidi yanakaa chini kule gizani huoni, mizizi inakaa ndani ya maji inakosa hewa inaoza, juu mmea unanyauka, na asiyejua akiona umenyauka anaongeza maji. Ingetosha kuinua chungu cha ndani kwa vipande vya kigae na kupitisha kibomba chembamba pembeni mpaka chini ili uweze kupima kwa kijiti na kuvuta maji yaliyozidi, mambo ya dakika tano wakati wa kujenga. Tumekuja kufanya baadaye kwa kung'oa kimoja kimoja.

Ukuta wa mimea nao. Walifuata mtindo wa Patrick Blanc, yule Mfaransa wa bustani za ukutani, aliyefanya ukuta wa makumbusho ya Quai Branly pale Paris. Mfumo wake hauna udongo kabisa, ni fremu ya chuma, bodi ya PVC ya milimita 10, juu yake kitambaa kizito tabaka mbili, mizizi inashika kwenye kitambaa na maji yenye mbolea yanashuka kutoka juu. Ni mwepesi na ni wazo la akili. Lakini kitambaa hakiweki akiba kama udongo, pampu ikigoma una muda mfupi sana kabla mimea ya juu haijaanza kulegea, na wao hawakuweka kengele wala taa ya kuonyesha pampu imesimama. Mfereji wa chini nao waliupima ukuta ukiwa mtupu. Mimea ilipokua, majani ya mstari wa chini yakatokeza mbele kupita ukingo wa mfereji, maji yanashuka yanafuata jani mpaka nchani halafu yanadondoka sakafuni, nje kabisa ya mfereji. Soketi ya umeme iko sentimita chache kutoka hapo. Hii niliwapigia simu siku ile ile, na fundi alikuja akaihamisha juu, kwa hiyo nawapa haki yao, lakini haikutakiwa kuwa pale toka mwanzo.

Hewa ni kesi nyingine. Chumba cha jirani kina michoro ya karatasi, mtunzaji wake anataka unyevu wa hewa ucheze kwenye asilimia 50, hapandi hashuki. Makangaga na okidi zetu zinataka 60 mpaka 70. Na jirani anaogopa wadudu vilevile, ndo maana makumbusho mengi hayataki hata shada la maua karibu na hifadhi. Suluhisho lao lilikuwa masanduku ya kioo, na wazo hilo lina historia, daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, karibu mwaka 1829 aliweka buu la nondo lililojifungia kwenye ganda lake ndani ya chupa iliyofungwa, akashangaa kangaga limeota humo humo na linaendelea bila kumwagiliwa, na masanduku yake yakaja kubeba mimea hai kwenye meli baharini. Kwa hiyo kwenye galari ni safi, mmea una hali yake ya hewa, jirani ana yake. Isipokuwa tundu la kiyoyozi wameliweka juu ya sanduku kubwa kabisa. Kioo kinapoa, hewa ya ndani ina joto na unyevu, mvuke unashika kioo, na mpaka saa sita mchana mgeni anaangalia ukungu. Wageni wawili watatu walidhani ndo kazi yenyewe, kwamba msanii anazungumzia kusahau. Tuligeuza mdomo wa kiyoyozi na kufungua upenyo mdogo juu ya sanduku, ikatulia.

Stendi zote urefu mmoja, mita moja na kidogo. Hii inaniudhi kuliko inavyostahili labda. Picha zinatundikwa katikati yake ikiwa kama sentimita 150 kutoka chini, usawa wa jicho, sawa, lakini mimea haina sura moja. Haworthia na echeveria ni mimea ya kutazamwa kutoka juu, uzuri wake wote ni ule mpangilio wa majani kuzunguka, weka chini magotini mtu ainame kidogo. Calathea ni kinyume, chini ya jani kuna zambarau iliyokolea ambayo hakuna anayeiona ikiwa kiunoni, iinue juu ya macho. Platycerium, lile kangaga lenye majani kama pembe, inataka kushikizwa kwenye ubao ukutani kabisa. Kuwa na stendi za urefu tofauti hakuongezi gharama ya maana, ni kwamba kwenye picha ya ufunguzi stendi zilizolingana zinaonekana nadhifu.

Na taima! Waliweka taa ziwake saa kumi na mbili asubuhi zizime saa kumi na mbili jioni. Galari inafungua saa nne, na shughuli zote kubwa ni za usiku. Tukio la kwanza la jioni wageni wamefika, gizaaa, mtu akawasha kwa mkono, na maranta zilikuwa zimeshakunja majani yake zimesimama wima kama zinavyofanya kila usiku, zimefunga kazi. Tumesogeza, zinawaka saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku, saa ni zile zile kumi na mbili na mimea imezoea ratiba mpya.

Malalamiko yangu makubwa kabisa nimeyaweka huku mwishoni kwa makusudi, hakuna chumba cha nyuma. Mmea wa maonyesho unachoka. Unahitaji kutoka kwenda kupumzika sehemu yenye mwanga zaidi, mwingine unaingia, na mmea mpya unatakiwa kukaa peke yake kwanza wiki kadhaa uone kama una thripsi, vijidudu vidogo vinavyofyonza majani, au vile vijidudu vyeusi vya kwenye udongo kabla hujauchanganya na wengine. Mpiga picha Edward Steichen alionyesha maua yake ya delphinium pale MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 1936, maonyesho ya kama wiki moja hivi, na yalikuwa maua ya kukatwa, kwa hiyo yakinyauka unabadilisha. Sisi tuna viumbe hai vya mwaka mzima. Hata ile Earth Room (Chumba cha Udongo) ya msanii Walter De Maria, New York hiyo hiyo, iko tangu 1977, ni udongo mtupu kwenye mita za mraba 335, kina cha sentimita 56, hamna mmea hata mmoja, na bado kuna mtu anaumwagilia na kuupiga reki. Kama udongo peke yake unahitaji mtu na sehemu ya kuweka reki yake, sisi tulihitaji zaidi. Vifaa vyangu viko kwenye ngazi za dharura, na najua haitakiwi.

Mchanganuo wao wa uzito wa sakafu ulikuwa mzuri, walipima vyungu vikiwa vimelowa, sio vikavu. Wengi hawafanyi hivyo.

Kwa hiyo uwaite au usiwaite? Kama chumba chako kina bomba na tundu la maji tayari, na una sehemu ya nyuma, waite hata leo, kwa taa sijaona anayewafikia. Kama huna, waambie hayo kabla ya rangi ya ukuta kujadiliwa, na siku ya kikao cha kwanza mwite na yule atakayemwagilia akae mezani, mwachie aulize maswali yake ya kijinga kama kopo linaingia chini ya sinki. Wameahidi kuleta stendi mpya za chuma zenye magurudumu na kuvuta bomba mpaka kwenye kona ya ukuta wa mimea. Bomba likifika narudi hapa naweka nyota ya nne.